Futa Hiyo "Ikiwezekana"

Selina alipoitwa mbele ya halmashauri ya kijiji kujibu shitaka la utoro, alikwenda na ushahidi mgongoni. Ushahidi uliitwa Dorkas. Ulikuwa na miaka minane, pengo la meno mawili mbele, na miguu iliyolegea kama kamba ya ndoo tangu ugonjwa wa kupooza umpitie akiwa bado ananyonya.

"Shikamooni wazee," alisema Selina. Hata ukija kugombana, shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba, Mama Dorkas," alijibu Mzee Melkizedeki, mwenyekiti, mtu wa tumbo la heshima na sauti ya kuitia ng'ombe. "Kaa."

"Nitasimama. Nikikaa nitambana mwenzangu."

Katibu Leonidas alifungua daftari la mahudhurio ya shamba la kijiji. Leonidas alikuwa katibu hasa. Asingeacha mstari wazi hata kama paa lake linaungua. Alisoma kwamba tangu shule ifunguliwe, na palizi ya mtama ndiyo imepamba moto, Selina alikosa shambani asubuhi kumi na saba, utoro ambao adhabu yake ni palizi ya ziada. Na kila asubuhi katibu aliandika sababu kwa mwandiko wa kupendeza: amembeba mtoto kwenda shule.

"Kweli si kweli?" aliuliza mwenyekiti.

"Kweli tupu. Na mwandiko nao nimeusifu."

Watu waliokaa juu ya mawe wakacheka. Lazaro, mumewe, hakucheka. Alikuwa anakagua vidole vya miguu yake kana kwamba kimoja kimepotea.

Mambo yalianzia kwenye uandikishaji. Mwaka ule serikali ilitaka kila mtoto asome, na kipimo kilikuwa kile kile: mkono upite juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Dorkas alishika sikio, akalivuta, akamuuliza mwalimu mkuu, Zefania, kama anatakiwa ashike na la mwalimu. Zefania akaandika jina. Ndipo akaiona miguu. Jina hakulifuta, ila alitoa sharti: awepo mtu wa uhakika wa kumleta, kumpeleka chooni na kumrudisha, kila siku ya shule. Akianza kukosa, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Mtu wa uhakika alikuwa mgongo wa Selina. Na mgongo huo, mwezi wa nne, ungepata mpangaji mwingine; tumbo lilikuwa limeshatangulia kutoa taarifa.

"Mama Dorkas," mwenyekiti alisema kwa upole, "mtoto wa namna hii unamtesa bure. Abaki nyumbani achambue mboga. Mambo yake tutayaangalia."

"Mtayaangalia lini, mzee?"

"Tutayaangalia."

Selina alimpandisha Dorkas vizuri mgongoni. "Mwaka wa sabini na nne nilikuwa nakaa kwangu, kule bondeni. Mkaja na lori. Mkasema tuhamie hapa, shule iwe karibu. Nikasema sihami. Mkapakia vyungu, mkapakia mitetea, mkapakia jiwe langu la kusagia, mkampakia na mama mkwe akiwa bado juu ya kigoda. Jiwe la kusagia lilibebeka, ndugu zangu. Leo kijiji kizima kinashindwa mtoto mwenye uzito wa debe la mtama?"

"Debe na kidogo," Dorkas alisahihisha. "Nimeongezeka."

"Shule ile ni ya nani?" Selina aliendelea. "Tumeijenga sisi, mimi nimebeba maji ya tofali. Ni ya kijiji. Sasa anayempeleka mtoto wa kijiji kwenye shule ya kijiji, kafanya kazi ya nani?"

Kalamu ya Leonidas ilisimama hewani. Mwenyekiti alikohoa.

"Haya, nimekuelewa. Tutasaidiana. Nenda nyumbani."

Watu wakaanza kujipangusa vumbi. Selina hakusogea.

"Iandikwe."

"Neno langu halikutoshi?"

"Neno lako ni zuri, mzee. Hata kisima ulituahidi kwa neno."

Watu wakakaa tena.

"Mama Dorkas, tuyaache," alinong'ona Lazaro.

"Wewe yaache. Mimi nimeyabeba."

Mwenyekiti akapandisha sauti yake ile ya ng'ombe. "Unaikaidi halmashauri?"

"Ndiyo, mzee. Kwa heshima zote."

Leonidas akainua kalamu. "Mwenyekiti, shauri limeshafunguliwa. Bila uamuzi siwezi kufunga ukurasa."

Mzee Melkizedeki alimtazama kama anayetazama mbwa wake akimlambalamba mwizi. Kisha akapunga mkono: andika.

Leonidas aliandika, akageuza karatasi. Walidhani Selina ataitikia kwa kichwa tu na kushukuru. Walisahau kwamba kila Alhamisi mchana alikuwa kwenye kisomo cha watu wazima na akina mama wenzake. Alishusha kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma polepole, kwa sauti, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

"Kila shina la nyumba kumi litatoa mtu mzima mmoja kwa zamu, wiki moja moja, ampeleke shule mtoto Dorkas Lazaro, amhudumie na kumrudisha. Zamu hiyo ihesabiwe kazi ya shamba. Iki... wezekana." Kidole kikagoma. "Huyu wa mwisho kaalikwa na nani?"

"Ni neno la kawaida la kiofisi," alisema mwenyekiti.

"Kwenye utoro wangu hamkuandika ikiwezekana. Futa."

Leonidas akafuta. Selina akangoja muhuri, akaupulizia wino mpaka ukakauka, akaikunja nakala yake na kuichomeka kwenye pindo la kanga.

"Palizi yangu ya adhabu nitaanza lini?" aliuliza.

Leonidas akafunga daftari.

Shina la kwanza lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe, na zamu ikaanza naye. Jumatatu asubuhi alituma salamu kwamba ana kikao. Selina naye alirudisha salamu kwamba ana karatasi.

Jua halijapanda sana, Mzee Melkizedeki alikuwa amechuchumaa uani kwa Lazaro, mgongo tayari, majirani wakichungulia juu ya uzio wa miiba.

"Shikamoo, babu," alisema Dorkas.

"Marahaba. Panda."

"Mama huwa anainama zaidi."

Mzee akainama zaidi.