Mkono wa Kulia wa Dalila

Alhamisi asubuhi, kwenye saa mbili na nusu, Rizuane alikuwa juu ya paa la nyumba ya mama yake, katika mashamba ya nyuma ya kijiji cha Mute, akipigilia bati la mwisho. Familia ilikuwa imerudi kutoka ukimbizini miezi minne kabla. Bati likateleza, likamkata juu kabisa ya paja, karibu na kinena, wakaanguka pamoja mpaka chini.

Dada yake Dalila alikuwa uani anamenya mihogo. Mwaka uliopita alikaa siku tatu kwenye kozi ya huduma ya kwanza, akapewa fulana na begi la bandeji. Bandeji ziliisha mwezi uleule. Alipoona damu inaruka kwa mapigo alijua ni mshipa mkubwa, na pale ulipokatika palikuwa juu mno, hapafungiki kitambaa. Akakunja kapulana, ile kanga ya kiunoni mwake, akaiweka juu ya jeraha, akakandamiza kwa kiganja cha mkono wa kulia, kiwiko kimenyooka, uzito wake wote ukiwa juu.

"Mama, lete blanketi," alisema. "Miguu yake iinue, iweke juu ya gunia. Maji asipewe."

"Anaomba maji," alisema mama Atija.

"Ataomba sana. Mloweshe midomo tu."

Damu ikaacha kuruka. Majirani wakaja na machila ya miti, lakini kila walipomnyanyua Rizuane damu ilichuruzika kati ya vidole vya dada yake, wakamlaza tena. Posto ya afya ya karibu ilikuwa imefungwa tangu vita na ufunguo hajulikani aliyenao. Gari la wagonjwa lilikuwa mjini. Lilikuwa likiombwa ofisini kwa karatasi, na karatasi ilitaka ndugu wa damu au mke.

Ilipofika saa nne Rizuane alianza kutoka jasho la baridi. Midomo ilipauka, akawa hatulii, anavuta blanketi na kulisukuma. Dalila aliitambua hali hiyo. Kwenye kozi waliiita choque: damu ikipungua mwilini, mwili huacha ngozi ipoe ili moyo upate kidogo kilichobaki. Tena waliambiwa kwamba aliyeshika jeraha haachii mpaka mtu wa afya ampokee. Mama yake asingeweza kushika, vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, wala safari ya mjini asingeiweza.

Dalila alifikiri kidogo. Kisha akauacha mkono palepale juu ya jeraha, akasimama, akaenda mjini.

Mkono uliendelea kukandamiza. Penye kifundo ngozi ilikuwa imejifunga, laini kama kisigino. Mama Atija aliufunika blanketi pamoja na mwanawe, akawafukuzia wote wawili nzi.

Barabarani Dalila alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia. Kwenye kizuizi askari alitazama kitambulisho chake, akatazama na mkono.

"Wa pili uko wapi?"

"Uko nyumbani, unafanya kazi."

Askari akamrudishia kitambulisho, akampisha.

Njia nzima aliyasikia mapigo ya mdogo wake kwenye kiganja ambacho hakuwa nacho. Yalikwenda mbio. Aliisikia pia kapulana ilivyolowa, na damu ilivyokuwa ya moto.

Ofisini alifika saa saba na robo. Gari lilikuwa uani, jeupe, na dereva alikuwa analifuta vioo. Karani aliitwa Jerónimo, mtu wa bara, mpole, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpa Dalila kiti na maji, akaandika jina la mgonjwa, umri, mahali na aina ya jeraha. Akagonga muhuri mara tatu. Kisha akasogeza kidau cha wino.

"Huku kwenye kitambulisho wameandika hujui kusaini, mana Dalila, dada yangu. Basi tia kidole gumba. Cha kulia."

"Cha kulia kiko Mute, senhor Jerónimo. Kimeshika jeraha."

Jerónimo alitazama fomu. "Cha kushoto ni kwa waliokatika mkono. Hao wana cheti."

"Mimi sikukatika."

"Ndiyo. Mkono wako ni mzima, unafanya kazi. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba haupo." Alifikiri kwa dhati, kalamu mdomoni. "Huwezi kuufuata, tukamaliza? Ni dakika mbili tu."

"Nikiuondoa atakufa."

"Naelewa. Jumatatu mkuu anarudi. Yeye ana uwezo wa kuruhusu."

Dalila hakuondoka. Alikaa kwenye kile kiti, macho yake yakiwa kwenye gari. Hakulia, kwa sababu alikuwa anahesabu. Saa nane mapigo yalikuwa mia na thelathini kwa dakika.

"Yanazidi mbio," alisema.

Jerónimo aliandika hilo penye nafasi ya maelezo ya ziada.

Baadaye yakawa membamba kama uzi, ikambidi Dalila afumbe macho ili ayapate. Chini ya kiganja ngozi ya Rizuane ilipoa, kwanza kandokando, kisha kote. Dereva alimaliza vioo, akaanza matairi. Dalila aliushika mkono wa kiti kwa ule wa kushoto, akaomba moyoni mapigo yasimame kwenye namba yoyote, hata ndogo namna gani, ilimradi yakae hapo. Saa tisa na dakika ishirini aliyatafuta hakuyapata. Alitafuta tena dakika nzima.

"Gari halihitajiki tena," alisema.

Jerónimo alisimama, akatoa pole, akampa mkono wake wa kushoto ili ulingane na wa Dalila. Kisha akakaa, akaisoma fomu upya.

"Kufuta ombi nako," alisema taratibu, "kunataka kidole."

Dalila akasema basi, liache.

Aliporudi alimkuta mama yake kwenye mkeka, palepale alipomwacha. Mkono ulikuwa bado umekandamiza, vidole vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Nimeuambia amekwishakufa," alisema mama Atija. "Nimeuambia mara nyingi. Hautaki."

"Unamngoja mtu wa afya, mama."

Kesho yake waoshaji walimwosha Rizuane na mkono ukiwa juu yake. Waliuosha nao, vidole hadi kifundo, mara tatu. Mtu mmoja aliuliza kama inafaa kuzika mkono wa mtu aliye hai. Shehe Mamudo alisema si wao waliouweka, akaagiza sanda iongezwe kidogo upande ule. Wakazika kabla ya sala ya Ijumaa. Siku ya tatu Dalila alijifunza kuchota maji kwa mkono mmoja. Usiku hakulalia upande wa kulia, maana aliyasikia mapigo ya kitu fulani, na kila mara yalikuwa ya kwake mwenyewe.

Wiki ya sita jirani yao Nurdine alijikata mguu kwa shoka akipasua kuni, juu ya goti. Wakamleta kwa Dalila, kwa kuwa posto ilikuwa bado imefungwa. Dalila alifunga kitambaa juu kidogo ya jeraha, akakikaza kwa kijiti akishika ncha moja kwa meno. Damu ilipungua, haikukatika. Basi akapiga magoti, akaweka mkono wa kushoto.

Arlete, mke wa Nurdine, alikwenda mjini na mikono yake yote miwili na saini nzuri aliyojifunza shuleni. Alirudi jua likiwa limelala, kwa miguu. Safari hii karatasi zilikuwa kamili, alisema. Kilichopungua ni dereva, ameitwa kwenye semina.

Mama Atija alikwenda kuleta blanketi. Nurdine, midomo imepauka, aligeuza kichwa.

"Gari limekuja?"

"Usiseme sana," Dalila alimwambia. "Nimekushika."