Tofali la Kijani

Ninakaa ghorofa ya nne, jengo la C, huku kusini mwa Atlanta, mwaka wa kumi na tisa sasa. Niliendesha basi la shule mpaka magoti yakagoma. Magoti haya yamo ndani ya kesi yote, ingawa hakuna wakili aliyeyataja.

Zamani mgeni alibonyeza kengele kule chini, wewe ukiwa juu nyumbani unamuuliza kwenye spika wewe nani, unabonyeza kitufe chako, mlango unafunguka. Kisha kengele ikafa. Mlango wenyewe ulijifunga vizuri tu, ila kumfungulia mtu ilibidi ushuke. Tulimlalamikia meneja, Bwana Lasseter. Barua nne ni za mkono wangu, na mbili niliandika baada ya watu kuporwa palepale chini. Jibu lake lilikuwa moja: "Bi Earlene, fundi yuko njiani." Nadhani fundi huyo alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Alaska.

Basi tukatumia tofali. Ukitarajia mgeni, unaliegemeza mlangoni, na mgeni akishapita mtu yeyote analiondoa. Kila mtu alifanya hivyo. Siku wenye jengo walipokuja kulikagua, Lasseter alimwamuru Rufus, kibarua wa kazi ndogondogo za jengo, alipake tofali rangi ya kijani kama milango, lisitie aibu. Nilikuwa nimesimama pale. Jirani yangu Vernell Gaither alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, kengele imewashinda, lakini tofali wamelivalisha nguo za kanisani."

Mimi na Vernell tulikuwa mlango kwa mlango, chumvi yake ni chumvi yangu. Binti yake Shaunice alikuwa anasomea uuguzi, na kila Jumapili alinikanda magoti huku akinigombeza. "Bi Earlene, hutembei wewe. Goti lisilotembea linasahau kazi."

Jumatano watu wa kanisa hutuletea wazee chakula cha mchana. Jumatano moja ya Agosti nilijikokota chini saa nne asubuhi kuchukua barua, nikaweka tofali ili mleta chakula apande mwenyewe. Alipanda, akaniachia sahani, akaenda zake. Tofali hakuliondoa. Nilijua, maana mlango ule ukijifunga husikika mpaka juu, na sikuusikia. Nikajiambia mtu ataliondoa. Saa nane mtu asiyejulikana na yeyote aliingia pale, akakutana na Shaunice kwenye ngazi za ghorofa ya pili akitoka darasani. Alitaka mkoba wake. Shaunice hakuuachia, yule mtu akampiga risasi, akafa palepale. Nilisikia mlio, nikadhani Rufus ameangusha ngazi yake.

Vernell aliwashtaki wenye jengo. Wakili wake, Bi Odom, alitueleza lazima ionekane kwamba walijua hatari ipo na wakakaa kimya. Wao walidai hawakuwahi kuambiwa kitu. Barua zangu hawakuziona, mlango ulikuwa mzima, na tofali ni ujeuri wa wapangaji. Rufus aliogopa kupoteza kazi, akasema hakumbuki rangi yoyote. Nikabaki mimi.

"Watakuuliza mengi," Bi Odom alinionya. "Ukidanganya neno moja tu, watalifukia na lile la kweli."

Miezi kumi na minne Vernell alikuja kwangu kila jioni. Kila jioni alilirudia neno lilelile. "Nikimjua aliyeliweka siku ile, Earlene, simfanyi kitu. Nitamtazama tu." Nami nilimmiminia chai yenye barafu, nikakaa kimya. Nilikuwa mwoga, hakuna jina jingine.

Siku ya kutoa ushahidi wangu kwa kiapo, kabla ya kesi kufika mahakamani, yeye ndiye aliyeniendesha mpaka ofisini kwa mawakili. Tofali lilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki wa polisi. Wakili wa wenye jengo, kijana mwenye suti ya bluu, alilisukuma kwangu kwa kidole.

"Bi Earlene Stovall, unamjua aliyeweka tofali hili mlangoni siku ile?"

Ningesema simjui, wangeniamini. Vernell alikuwa ananiangalia kwa huruma, akidhani nimechoka.

"Mimi."

Kijana yule alitabasamu. Vernell sikumtazama.

"Kwa nini ukaweka?"

"Nilikuwa na njaa, na magoti yanauma, na kengele mlikataa kuitengeneza."

Bi Odom akauliza kwa sauti ya chini, "Na hiyo rangi ya kijani?"

"Rufus aliipaka, kwa amri ya Bwana Lasseter. Walijua tunalitumia. Walitaka tu lipendeze."

Kijana aliacha kutabasamu. Kabla mwezi haujaisha wenye jengo walikubali makosa, wakamalizana na Vernell bila kungoja mahakama.

Siku ile ya ushahidi mimi nilirudi nyumbani kwa gari la Bi Odom. Vernell alihama wiki ileile, hakugonga kwangu. Fundi wa Alaska naye akafika, akatengeneza kengele kwa dakika arobaini. Dakika arobaini tu. Nilisimama dirishani nikalia kwa hasira.

Jumatano iliyopita kengele ililia. Nikadhani ni chakula.

"Nani?"

"Vernell."

Akauliza yeye, "Siku ile walikuletea nini?"

"Kuku, na maharage mabichi."

"Ulikula?"

"Nilikula. Chote."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufungulia, nikakitoa. Nikashika ukuta nikaanza kushuka. Ngazi za ghorofa ya pili nilizipita macho nimeyafumba, nikihesabu kwa miguu. Nilifika chini jasho linanitiririka, nikiomba asiwe ameondoka.

Alikuwa bado yuko nje. Alikuwa amekonda. Nikamfungulia mlango, nikaushika kwa mgongo wangu. Alinitazama kama alivyosema atafanya, usoni, muda mrefu.

"Umeshuka," akasema.

"Nimeshuka."

"Kumbe unaweza."

Aligeuka akaenda kwenye gari lake. Mimi niliendelea kuushika ule mlango.