Ndooni Nyote

Mwaka wa arobaini na saba, watu wa Mji wa Kale, Mombasa, walikuwa wakinunua misumari wasiyoihitaji. Duka lilikuwa la Kutbuddin, muuza mabati na ndoo, na kilichowavuta si misumari bali karatasi. Karani wake, Chirau, alikuwa akichora hadithi za picha kwenye karatasi za kufungia bidhaa. Kila karatasi ilikuwa na vyumba sita vya picha, na maneno ya watu ameyatia katika viduara juu ya vichwa vyao. Ukinunua misumari robo ratili, unapata hadithi. Ukitaka kujua yaliyofuata, urudi wiki ijayo ununue bawaba.

"Karatasi yangu waimaliza kwa upuuzi, Chirau," Kutbuddin alikuwa akisema kila asubuhi.

Lakini karatasi zilizokunjamana alizinyoosha yeye mwenyewe chini ya mawe ya mizani. Na kila wino ulipokaribia kwisha, chupa mpya ilikutwa mezani, na hapana aliyekiri kuiweka.

Shujaa wa hadithi hizo alikuwa ajuza mmoja aitwaye Bi Mejumaa, mwenye ulimi mkali na jogoo asiyetulia. Kila wiki mtu alimtendea ubaya. Mara aibiwe jogoo, mara amwagiwe maji machafu kizingitini. Naye aliwafukuza, akawatukana vizuri, na jogoo akawadonoa visigino. Kisha katika chumba cha mwisho alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akamwita yule yule mkosaji aje ale. "Ndoo!" alisema. Wakiwa wengi, alisema, "Ndooni nyote!" Ndivyo wasemavyo wenyewe wa Mvita, pale wengine wasemapo njoo na njooni.

Bi Mejumaa alikuwa mtu kweli, akikaa mtaa wa Kuze. Miaka kumi nyuma, Chirau alipovuka kutoka upande wa Kwale kutafuta kazi, alishinda siku nzima chini ya ukuta wa nyumba asiyoijua, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Jua likizama, mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono wenye mwiko. "Ndoo," ukaita. Hakuulizwa jina mpaka aliposhiba.

Tangu hapo Chirau alikuwa na haja moja tu. Alitaka neno lile, kama lilivyosemwa siku ile, lisikike mbele ya halaiki ya watu, na Bi Mejumaa mwenyewe awepo alisikie. Karatasi haina sauti. Sinema inayo.

Kwanza alimwendea Valli, mwenye sinema ya mabati. Valli alizipitia karatasi zote, akacheka mara tatu, kisha akazirudisha.

"Nyimbo ziko wapi?"

"Hazimo, Bwana Valli."

"Panga? Farasi? Mapenzi?"

"Pana jogoo."

"Chirau, watu watoe pesa yao kuangalia bibi kizee na jogoo? Bibi kizee wanaye nyumbani, jogoo wanaye uani." Akamwagizia chai, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Mpunguze miaka arobaini, umtie bangili, halafu urudi."

Chirau alikunywa chai, hakurudi.

Akabaki Mzungu mmoja aliyezunguka na gari la sinema za mafunzo. Filamu zake hazikuwa na sauti. Picha zilicheza, na mtu akasimama pembeni na kipaza sauti kueleza. Watu walimwita Bwana Taa.

"Hadithi nzuri," alisema Bwana Taa mara ya kwanza. "Lakini mafunzo yako wapi? Sioni mbu."

Chirau akaenda, akatia mbu. Mara ya pili Bwana Taa akataka panya. Chirau akatia panya, jogoo akamla.

"Hapana, hapana. Panya afe kwa usafi!"

Mara ya tatu Chirau alipeleka karatasi zake kama zilivyokuwa mwanzo, kwa uchovu tu, apate kuambiwa hapana aende zake. Bwana Taa akazisoma polepole kwa kidole. Alipofika chumba cha mwisho, uso ukang'aa.

"Ndoo!" akasema. "Anasema, 'Ndoo!' Mbona hukuniambia? Mama huyu anafundisha watu kutumia ndoo!"

"Bwana, si ndoo hiyo..."

"Na hapa, 'Ndooni nyote!' Maana yake ndani ya ndoo. Takataka zote ndooni! Lakini umekosea sarufi kidogo, ndugu. Takataka si nyote. Ni zote."

Chirau alijua kwamba akinyamaza, filamu ataipata. Akauona mkono ule wenye mwiko, akaona haya.

"Bwana, kwa lugha ya hapa, ndoo ni njoo. Anawaita watu waje kula."

Bwana Taa akamtazama kwa huruma. "Ndoo ni ndoo. Mimi nimefanya mtihani wa Kiswahili, nikafaulu daraja la kwanza."

Chirau alisema kweli mara mbili zaidi, na mara zote mbili mtihani wa Bwana Taa ukamshinda. Akatoka na filamu ya ndoo.

"Arre, wasononeka nini?" Kutbuddin alimuuliza. "Hatimaye kazi yako imepata maana!" Alipoona Chirau hacheki, aliliacha hilo, akaanza kufuta vumbi ndoo kumi na mbili ili zitoke vizuri kwenye picha.

Ikaja shida ya nani awe Bi Mejumaa. Mwenyewe alikataa kabla swali halijaisha.

"Mimi nipigwe picha? Uso wangu Mungu aujua na jirani waujua, watosha."

Wanawake wengine wote wa mtaani walijibu hivyo hivyo. Mwisho akachukuliwa Chonga, hamali wa maghala ya Shimanzi, mwenye mabega kama mlango. Wakamvika leso mbili na ukaya wa kufunika kichwa na kidevu, wakamwambia afunike masharubu. Chonga aliifanya kazi kwa moyo. Aliambiwa anyanyue ndoo na apunge mkono, akapunga mpaka ukaya ukamwanguka.

Bwana Taa akasema filamu itaonyeshwa kwanza Shimanzi, Jumamosi alasiri, ndani ya ghala, madirisha yazibwe kwa magunia. Chirau ndiye atakayeshika kipaza sauti, ayasome maneno aliyoandikiwa.

Ijumaa akaenda Kuze kumpa Bi Mejumaa habari.

"Sendi huko," alisema Bi Mejumaa. "Mimi na sinema wapi na wapi?"

"Utakaa upande wa wanawake, Mama. Pana giza, hapana wa kukuona."

"Watu waenda kuangalia ndoo, mimi nina zangu mbili." Akakikoroga chungu kwa muda. "Tena kwenda mahali bila kuitwa si ada yangu. Mimi ndiye niitaye watu, Chirau. Hapana aniitaye mimi."

Alisema bila uchungu, kama mtu atajaye bei ya nazi. Lakini Chirau aliondoka nalo neno hilo.

Kesho yake ghala lilijaa, wanaume kushoto, wanawake kulia. Picha zilipoanza, Chirau aliona ufa wa nuru kwenye mlango, na buibui la mwanamke limesimama hapo, haliingii wala haliondoki. Hata gizani aliujua ule mkao. Kutbuddin, aliyekuwa mlangoni, akavuta benchi taratibu karibu na lile buibui, akajitia kutazama kwengine.

Chirau akasoma alivyoandikiwa. "Hii ni ndoo. Ndoo ina mfuniko." Watu wakapiga miayo. "Kila nyumba iwe na ndoo." Mtoto akalia. Kisha ikaja picha ya mwisho. Chonga, mkubwa kama ukuta mzima, akatokea kizingitini, ndoo mkono mmoja, mkono wa pili ukipunga. Karatasi ya Bwana Taa ilisema, "Takataka zote ndooni."

Chirau akaikunja. Akageuka kutoka kwenye picha, akautazama mlango. Akasema kwa sauti ya chini, kama alivyoambiwa yeye miaka kumi nyuma:

"Ndoo."

Kipaza sauti kikalichukua neno kikalijaza ghala zima. Lile buibui mlangoni halikutikisika.

"Ndoo, Mama. Umeitwa."

Na kutoka mlangoni sauti ikajibu, kali, ya kusikika na kila mtu, "Nasikia! Mbona wanipigia kelele kama mimi kiziwi?" Akaingia. Akaipita benchi, akaja mpaka mbele.

Ghala likapasuka kwa kicheko. Wote walizijua karatasi, na sasa wakamjua mwenyewe. "Ndoo, Bi Mejumaa!" wanawake wakaita, wakimpisha. "Ndooni nyote!" akaguta mtu kutoka kwa wanaume, na watu wakainuka, wakasongamana mbele, benchi mbili zikaanguka.

Bwana Taa alikuwa akiandika mbio mbio kwenye daftari. "Umeona, Chirau?" akasema, macho yakimetameta. "Wote wanataka ndoo!"

"Ndiyo, Bwana," akasema Chirau, na safari hii hakumsahihisha.

Bi Mejumaa aliketi mstari wa mbele, akaitazama picha ya mwisho iliyoganda kwenye nguo nyeupe. Akaitazama sana.

"Yule ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, Mama."

"Na mabega yale?" Akatikisa kichwa. Halafu akageuka, akamwona Chonga amejibanza nyuma ya magunia kwa haya, masharubu yake yote nje. "Aliyekuwa mimi huyu, ameshakula leo?"

Chonga akatazama chini. Alikuwa hajala.

Bi Mejumaa akainua mkono, na japo haukuwa na mwiko, kila mtu aliuona ule mwiko.