Mazishi ya Mtunza Kamba

Mzee Teófilo Huaroc alipokata roho, binti yake Eulogia hakukaa matangani. Alipanda basi la kuteremka Lima, kwenye jumba la makumbusho, kufuata kamba.

Zilikuwa kamba za pamba zilizofungwa mafundo na mababu, na ukoo wao ndio uliozitunza. Mtunzaji akifa, huvishwa kamba hizo mabegani ili watu wamuage, kisha huvuliwa na kuvishwa anayemrithi, akiwa amepiga magoti. Mwaka ambao paa la nyumba ya kijiji zilimohifadhiwa liliporomoka kwa mvua, Teófilo mwenyewe alizibeba mpaka mjini zisije zikaoza. Waliozipokea walimwambia, "Mzee, ukizihitaji, njoo tu."

Sasa Eulogia alisimama mbele ya Maritza, msichana aliyezitunza hapo.

"Nipe nikamzike baba, binti yangu. Nitazirudisha."

"Pole sana, mama. Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Si mlisema aje tu?"

 Maritza alivuta droo. Kamba zilikuwa zimetandazwa, rangi ya majani makavu, na juu ya karatasi nyeupe chini yake palikuwa na vumbi laini.

"Vumbi hilo ni zenyewe, mama. Hakuna anayezigusa, zinakatika tu. Ukipanda nazo basi, utafika na unga."

Eulogia aliinama, akatafuta harufu ya moshi wa kwao. Zilinuka dawa. Hapo ndipo alipolia, na Maritza akavua glavu akamshika mkono.

Nyumbani, mdogo wake Abdón, mrithi, alimpokea mlangoni.

"Ziko wapi?"

"Zimebaki."

"Umewaachia? Dada, tumzike baba kama mpita njia?"

"Zimekufa, Abdón. Nimeziona kwa macho yangu. Zimemtangulia."

Abdón alipiga teke ndoo, ikabingirika mpaka zizi la kondoo. Wazee waliokuwa matangani waliendelea kutafuna majani ya koka.

Asubuhi, kaburini, Abdón alipiga magoti kando ya jeneza kama alivyofundishwa, akainamisha shingo. Hakuna aliyesogea. Upepo ulipiga, mtu akakohoa, naye bado kainama, kama aliyesahau kwamba hakuna kinachokuja. Eulogia hakuweza kuvumilia. Alimwendea kwa nyuma, akamwekea viganja mabegani, akakandamiza.

"Inuka, mdogo wangu," alimnong'oneza. "Inuka tumfukie."