Samli ya Mke Mwenza

Maua hakula samli ya Nyakahanga, na alitaka kila mtu ajue hivyo. Kwao Bagamoyo walipikia nazi. Alipokuja huku Nyakahanga, Karagwe, na msafara wa mumewe, mfanyabiashara Abdulrahim, alibeba mbuzi yake ya kukunia nazi njia nzima, akafika akakuta minazi hakuna. Mbuzi akaiegemeza ukutani. Samli ilikuwepo, tena nzuri, ila aliwahi kusikia kwamba wafugaji wa huku husuuza vibuyu vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe, na kwake hiyo ilikuwa najisi isiyo na mjadala. Basi akapika ndizi kwa maji na chumvi, maharage kwa maji na chumvi, na siku ya Idi akaongeza chumvi.

Angejipikia hivyo mpaka kiama kama si Mwaja. Huyu alikuwa mke wa pili, Mnyambo wa Rugera, mwenyeji wa Karagwe, aliyepewa jina la Mwaja siku aliposilimu. Jiko lake lilitazamana na la Maua. Alikuwa na kibuyu chake cha samli, na mtoto wa kiume, Shehe, mwenye mashavu ya kutamanisha kuyafinya. Mgeni, binti pekee wa Maua, alikuwa na miaka mitano na miguu iliyopauka hata ukiikwaruza kwa ukucha unabaki mstari mweupe.

Siku moja Abdulrahim aliwatazama watoto wakicheza uani, akasema bila kufikiri, "Shehe huyu ananawiri, mashallah." Juu ya Mgeni hakusema neno. Maua alilitafuna lile neno wiki nzima. Alimwonea Mwaja wivu kwa ngozi yake, kwa mtoto wake, hata kwa moshi wa jiko lake, ambao aliuona unapanda kwa maringo.

Kisha Mgeni akaanza kujigonga. Mchana alikuwa mzima, anaona hata sisimizi. Jua likianza kuzama anapapasa kuta, anakanyaga kuku, anaangusha mitungi. Maua hakujiuliza mara mbili: mwenzake alikuwa amemtupia kitu mwanawe. Akaanza kumvizia. Alasiri ya tatu akamkuta Mgeni ameketi kwenye kigoda cha Mwaja, anakula majani ya maboga yanayong'aa mafuta, na Mwaja anampangusa kidevu kwa kidole chake mwenyewe. Kile kidole kilimchoma Maua kuliko uchawi wowote.

"Unamlisha nini mwanangu?"

"Waitu," Mwaja alijibu kwa heshima ya kwao, "bi mkubwa, ni samli tu. Kijiko kimoja juu ya mboga, nimeanza jana. Macho yake yanamkataa jioni. Mwaka ule wa sotoka, ng'ombe walipokwisha, tulikula ndizi kavu mpaka nyumbani kwetu watoto tukawa hatuoni jua likizama. Ng'ombe waliporudi, na macho yakarudi."

"Na mkojo wa ng'ombe je?"

Mwaja alimtazama, akaelewa. "Vibuyu vyangu nasuuza kwa maji ya moto, navifukiza kwa nyasi. Tangu siku niliyosilimu. Hukuwahi kuniuliza."

Kweli, hakuwahi. Miaka minne ua mmoja, na hakuwahi. Maua aliona aibu, na aibu ikauchochea wivu badala ya kuuzima. Akakinyakua kibuyu. "Mwanangu nitamlisha mwenyewe!"

Akamlisha. Kama mwenzake alitoa kijiko, yeye alitoa bakuli. Asubuhi bakuli, jioni bakuli, mboga hakuna, maana alitaka Mgeni ampite Shehe kabla ya Ijumaa. Siku ya tatu mtoto akaharisha, akatapika, akawa akisikia tu harufu ya samli mkononi mwa mama yake anafumba mdomo na kulia. Na jioni bado alipapasa kuta.

Hapo Maua aliogopa. Aliyaona macho ya binti yake yanapotea moja kwa moja, na dawa alikuwa ameiharibu kwa mikono yake. La kufanya alilijua, ila afadhali angemeza ile mbuzi ya nazi na meno yake. Mwishowe akambeba Mgeni, akavuka ua, akapiga hodi.

"Nimemzidishia," alisema.

"Samli hainywewi kama uji, bi mkubwa. Kidogo tu, na mboga yake. Kwanza tumbo litulie."

"Kwangu hapokei tena." Maua aliliangalia jivu la jikoni. "Mlishe wewe."

Mgeni alikula kwa Mwaja kila siku. Maua alikaa mlangoni akitazama kila tonge likitoka mkono ule na kuingia mdomo ule, akijiuma midomo. Mtoto akaanza kucheka na Mwaja. Akaanza kumwita mama mdogo. Maua alimwomba Mungu ayaponye macho, na papo hapo akamwomba mtoto asimpende sana yule mwanamke.

Zilipita wiki mbili. Maghribi iliingia, giza limeshaanza kukaa chini ya migomba, Maua amesimama uani na Mgeni pembeni yake. Kule mwisho wa shamba, kimya kimya, mtu alikuwa anarudi kutoka kisimani.

"Mama mdogo yule! Amejitwika mtungi!"

Mgeni akachomoka. Aliruka kinu kilicholala njiani bila kukigusa, akampita kuku, akazama kwenye migomba moja kwa moja hadi kiunoni mwa Mwaja.

Maua alisema alhamdulillah, na wivu ukamkaba hapo hapo, vyote kwa pumzi moja. Akalia. Mwaja alipofika na mtoto akiwa amemng'ang'ania nguo, Maua alikuwa ameshajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mwaja," alisema, "nionyeshe hicho kijiko chako. Nataka nijue ukubwa wake."