Thelathini kwa Mia

Siku ya kumaliza msiba wa mume wangu Anania, ndugu zake walikaa uani kwa shemeji Tharsisi, Heru Juu, kuamua nani atamlea binti yetu Uwimana, wa miaka minane. Katika ukoo wao mambo ya watoto husemwa siku hiyo, mbele ya wote, na jambo likishasemwa limesemwa. Wifi yangu Ininahazwe hakungoja hata pombe iishe.

"Nimempeleka mtoto duka la dawa, Kasulu mjini. Wamempima uzito na urefu, mashine ikalinganisha hivyo viwili, ikatoa kumi na tano. Ukutani wameandika chini ya kumi na nane na nusu ni kukonda. Huyu mwanamke anaishindisha njaa damu ya kaka yangu!"

"Ulimchukua bila kuniambia, wifi?"

"Nikuombe ruhusa wewe nani? Maharage unauza, mtoto anakula majani."

Watu walicheka. Tharsisi alinitazama kama anayetazama mbuzi mgonjwa. "Kesho mwende zahanati. Wakisema amekonda, anahamia Kibondo kwa huyu shangazi yake."

Asubuhi tulikwenda. Nesi, Faudhia, alimpima upya. Kumi na tano ileile.

"Si nilisema! Ukutani kule dukani wameandika chini ya kumi na nane na nusu ni kukonda!" Wifi alijipiga paja.

"Namba za ukutani ni za watu wazima, shangazi. Mtoto tunamlinganisha na wa umri wake na jinsia yake. Wapange wasichana mia wa miaka minane, mwembamba kabisa mbele, mnene kabisa nyuma. Uwimana angesimama karibu na wa thelathini. Hana shida."

"Thelathini kwa mia! Hata shuleni huko ni kufeli."

"Huu si mtihani, hatutafuti mia. Tunaowahofia ni wale wachache wa mbele kabisa, na wale wa nyuma kabisa."

Wifi alikuwa ameshampigia Tharsisi. "Kaka, nesi mwenyewe kasema thelathini kwa mia. Nampakia leo leo." Akamkamata Uwimana mkono. Mtoto akang'ang'ania kitenge changu.

Nilimpokonya simu. Mke wa kuolewa hamnyang'anyi wifi yake kitu, najua. Nikampa nesi, akaeleza yote tena, huku Ininahazwe akipiga kelele kuwa nimemvamia.

Tukamsikia Tharsisi simuni: "Kwa hiyo kuna kama thelathini wembamba kuliko yeye?"

"Ndiyo, baba. Nao ni wazima, karibu wote."

"Basi abaki kwa mama yake. Lakini mwambie huyo mjane aliyemnyang'anya dada yangu simu mbele ya watu, asikanyage kwangu tena."

Sijakanyaga. Kaburi la Anania liko nyuma ya nyumba ile. Uwimana huingia peke yake na maua, mimi namngoja barabarani.