Vidole Vitatu Chini

Mke wangu Felisita aliketi juu ya rundo la matofali katikati ya ua, akashika magoti, akavuta pumzi ndefu, akajaribu kuinuka. Mwili ulipanda nusu, ukarudi.

"Bado," alisema. "Ongeza kitenge."

Nilimsaidia kusimama, nikakunja kitenge kingine nikakilaza juu ya matofali. Akaketi tena. Jasho lilimtanda juu ya mdomo, lakini macho yake yalikuwa yale ya zamani, macho ya fundi cherehani anayekagua mshono wa mwanafunzi wake. Safari hii aliinuka mwenyewe, polepole, mkono mmoja ukipapasa hewa. Alipokuwa wima aliivua futi aliyoitundika shingoni, akanipa.

"Pima matofali kutoka juu hadi chini. Hicho ndicho kimo changu cha kuinukia."

Nilipima, kisha nikaenda kupima kiti cha gari. Kiti cha gari kilizidi kwa vidole vitatu.

Ugonjwa ulikuwa umeanzia kwenye titi. Walimfanyia upasuaji Mwanza, nywele zikatoka, zikaota upya laini kama za mtoto, nasi tukamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi ukiwa umeingia mifupani, ukakaa kwenye nyonga. Gari letu lilikuwa Rav4 ya zamani, ndefu kwenda juu, niliyoiendesha kila siku kutoka Somanda, mtaani kwetu Bariadi, kwenda Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba ambako nilikuwa fundi umeme. Alipokuwa mzima Felisita aliupenda urefu wake. Alisema ukikaa mle unayaona mashamba ya watu mpaka mwisho wake. Sasa ule urefu ulikuwa ukuta. Mguu wa kushoto haukukubali kupanda hata kizingiti cha mlango wetu, kwa hiyo kibao cha kukanyagia hakikusaidia kitu. Njia pekee ilikuwa ageuke, aketi kinyumenyume, kisha miguu iingizwe. Na kwa kuwa kiti kilikuwa juu, kila safari ya hospitali nilimnyanyua. Nisipoweza peke yangu walimnyanyua majirani, au kijana yeyote wa bodaboda aliyepita.

Walifanya kwa moyo mweupe. Yeye aligeuza uso, akatazama pembeni mpaka wamalize.

"Deo," aliniambia siku moja tukitoka kliniki, "hapa Somanda nadhani kila mtu ameshanishika."

Hakulia. Aliliangalia bega lake mahali mtu alipokuwa amemkamata, akalifuta kwa kiganja.

Ndipo nikaamua kulishusha gari.

Luhende, mdogo wake wa pekee, alilipokea wazo hilo kwa shangwe. Alikuwa na kigari cheupe kilichokaa chini kiasi kwamba kilikwaruza kila tuta la Bariadi. Ulikisikia kabla hujakiona. Baba yao alikufa Luhende akiwa mdogo, na Felisita ndiye aliyemleta mjini, akamlea nyuma ya cherehani yake. Hakuna alichomnyima dada yake.

"Shemeji, kuagiza springi fupi ya nini?" aliniuliza. "Mimi nina grenda. Tunakata mizunguko miwili kila springi, mchana mmoja kazi imekwisha."

Nilimwambia asubiri. Niliendesha gari lile kila siku, mvua na jua, na barabara ya Maswa nilikuwa nikiijua: lami nzuri, halafu kona, halafu ng'ombe. Nikaenda kwa Muzdalifa, mwenye duka la spea karibu na stendi. Alinitazama kwa mashaka, maana wanaoshusha magari huwa vijana.

"Mbwembwe?"

"Mgonjwa."

Akavuta kiti akaniketisha. Tulizungumza muda mrefu, wateja wakija na kuondoka. Springi fupi, alisema, lazima iwe ngumu kuliko ile ndefu, la sivyo gari litagonga chini kwenye kila shimo. Lakini ikiwa ngumu kupita kiasi itamrusha mgonjwa, na mgonjwa wa mifupa harushwi. Ukikata ile ya zamani unapata ubaya wote wawili: haina nafasi ya kufanya kazi, haikai vizuri kwenye kikombe chake, na shokapu inabaki ikipigania urefu ambao haupo tena. Siku ya kukwepa kitu ghafla, gari halitakusikiliza.

"Unataka lishuke kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

"Wengine wanakuja wanataka lilale kabisa."

"Likilala kabisa ataketi," nilimwambia, "lakini hataweza kuinuka."

Nilimweleza habari ya matofali na vitenge. Muzdalifa alijishughulisha na kufuta vumbi kwenye kaunta. Tukachagua springi zinazoanza kwa ulaini na kukaza kadiri zinavyobanwa, pamoja na shokapu zake fupi. Zingetoka Dar es Salaam. Nilimpelekea Felisita habari, akaniomba nimwonyeshe kwa mikono jinsi springi inavyobanwa. Alitaka kuelewa. Jioni ile alikula vizuri.

Zilichelewa. Wiki ya kwanza walisema ziko njiani, ya pili wakasema hivyo hivyo. Na katika kuchelewa huko, Felisita akaanza kumtaja mama yake, Mektilda, aliyekuwa kijijini Sola, mbele ya Maswa, na miguu yake mibovu. Alitaka kwenda yeye. Alitaka kuingia ua wa nyumbani kwao akiwa ameshuka kwenye gari mwenyewe, mama amwone amesimama.

Jumamosi moja mota kubwa iliungua kiwandani, wakanifuata na gari lao alfajiri. Rav4 ilibaki uani.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa baadaye, nusu na yeye, nusu na Luhende. Alikuja kumjulia hali dada yake, akamkuta analia. Hakuwahi kumwona akilia. Akaenda kuleta grenda na jeki. Hadi jua linakaribia utosini gari lilikuwa limelala chini kama mbwa aliyepigwa. Felisita alitoka ndani akaliangalia, akageuka, akajiachia kinyumenyume. Akaketi. Akaivuta miguu yake kwa mikono, mmoja, halafu wa pili, akafunga mlango mwenyewe. Luhende aliniambia kwamba dada yake alicheka kwa sauti mpaka majirani wakachungulia.

Wakaondoka kwenda Sola kwa mama yao, wakapita Maswa salama, gari likidunda. Luhende aliendesha polepole kwa ajili yake. Mbele ya Maswa, kwenye kona inayoteremka kwenda kwenye kalavati, ng'ombe alikuwa barabarani. Hakuwa karibu. Gari la kawaida lingemkwepa na dereva akaendelea na mazungumzo yake. Luhende alikata usukani, gari likainama upande mmoja likakosa pa kuinamia zaidi, likagonga chuma kwa chuma, tairi la nyuma likanyanyuka. Springi ikatoka mahali pake. Wakaingia shambani ubavu ubavu, wakasimama kwenye tuta la viazi.

Gari halikupinduka. Luhende hakupata hata mkwaruzo. Paja la Felisita lilivunjika.

Nilimkuta hospitali usiku umeshaingia, mguu umefungwa, uso umebadilika rangi. Luhende alikuwa sakafuni karibu na mlango, mikono yake bado ina vumbi jeusi la grenda. Nilipoliona vumbi lile nilielewa yote bila kuambiwa. Nilimwendea. Sijui ningefanya nini. Mikono yangu ilikuwa inajua.

"Deo," Felisita aliita. "Njoo huku."

Nikaenda.

"Semeni ni ng'ombe."

"Felisita…"

"Mama atabaki na huyu tu. Semeni ni ng'ombe."

Akaugeuza uso ukutani. Nikadhani amelala, kumbe alikuwa anatafuta neno. "Nilipanda mwenyewe," alisema. "Kushuka ndiyo nisingeweza. Nilijua tangu nilipokaa. Nikasema potelea mbali."

Daktari alinieleza baadaye, kwa upole, kwamba mfupa ule ulikuwa umeshaliwa. Ungeweza kuvunjika hata kitandani, akijigeuza. Nilimshukuru. Sikujua nilipeleke wapi jambo hilo.

Springi zilifika siku walipotuambia turudi naye nyumbani, kwa kuwa hakukuwa na cha kumfanyia tena. Gari lilikuwa limevutwa hadi gereji. Nilizipeleka, wakazifunga pamoja na shokapu zake, wakapanga magurudumu upya, nikalijaribu peke yangu hadi nje ya mji. Lilikuwa gari jingine. Lilipita kwenye mashimo kama mtu mzito anayejua kutembea, na kwenye kona lilitulia. Nilisimama kando ya barabara nikaegemea usukani kwa muda.

Tulimbeba Felisita watu wanne, tukamlaza kwenye kiti cha mbele kilicholazwa. Karibu na nyumbani aliuliza:

"Ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Limeshuka vidole vitatu?"

"Vitatu."

Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kiti, kutoka nyuma hadi mbele, kama anavyopima kitambaa. "Ningeweza," alisema.

Mama Mektilda alikuja kutoka Sola akamuuguza hadi mwisho. Felisita alikufa mwezi wa pili, mvua zikinyesha, mama yake akimkanda miguu. Tulimzika Bariadi.

Matanga yalipokwisha nilimrudisha mama mkwe wangu kwao. Alikaa nyuma, kwa heshima ya ukwe, akitazama nje. Luhende alikaa mbele na mimi. Tangu hospitali nilikuwa nimeongea naye habari za jeneza, maturubai na chakula cha wageni. Zaidi ya hapo hapana. Tuliipita Maswa. Tulipokaribia ile kona niliona mikono yake imekamata magoti.

"Ni hapa?" mama aliuliza.

"Ni hapa, mayu," nilijibu.

"Huyo ng'ombe alitokea upande gani?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe upande. Luhende akanitangulia.

"Ng'ombe alikuwa mbali, mama. Nilikata springi za gari. Shemeji alinikataza, nikakata."

Mvua ilianza kudondoka kwenye kioo. Nikawasha vifutio. Sikuthubutu kumtazama mama kwenye kioo cha ndani. Tuliacha lami, tukaingia njia ya udongo, tukapita mashamba ya pamba ambayo maua yake yalikuwa yameanza kufunguka, na mama alikuwa bado hajasema neno.

Uani kwake nilisimamisha gari. Alishuka, akapanga khanga yake, akaingia ndani. Luhende alishuka naye akabaki amesimama kando ya gari, mikono ikining'inia, mvua ikimlowesha. Nilikuwa natafuta ufunguo niondoke, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mama alitokea mlangoni.

"Luhende, unasimama mvuani kwa nini? Kamata kuku. Mkwe wangu ana safari ya kurudi, hawezi kuondoka na njaa."

Luhende hakuelewa mara moja. Kisha akaanza kumkimbiza jogoo kuzunguka ghala, mtu mzima na shati lake la matanga, akiteleza kwenye matope, akilia kwa sauti bila kujificha, na jogoo hakamatiki. Mama yake alisimama mlangoni akimwelekeza kwa mkono: pita huku, zungukia kule.

Nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikashuka kwenda kumsaidia.